Mbio za Kupokezana Kiegeani: Nani Apewe Dakika?

Vijana wa Kiegeani, kisiwani Mafia, wanataka kufufua mbio za ramani. Wamekwisha kaa vikao, wamepata mtu wa kuwasaidia fulana na maji ya kunywa, na wamekubaliana zifanyike kipupwe, masika yakiwa yamekatika na njia za mashambani zimekauka. Wamekwama mahali pamoja tu. Timu zitakuwa za watu wa rika zote: watoto wa shule, akina mama, wazee, na wenye ulemavu pia, na hawajui wafanyeje mashindano yawe ya haki. Kundi moja linasema kila mwenye umri mkubwa apunguziwe dakika. Kundi jingine linasema mbio ni mbio, asiyeweza akae kivulini ashangilie. Walinijia kwa kuwa niliwahi kuziendesha nilipokuwa nafundisha. Niliwaambia jibu ninalo, ila halisemeki kwa pumzi moja, kwa sababu nami nililipata kidogo kidogo, kwa miaka.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mkimbiaji hupewa ramani na dira, na kwenye ramani vimechorwa vituo anavyotakiwa kuvifikia kwa mpangilio. Hakuna njia iliyowekewa alama; apite wapi ni shauri lake. Kila kituo kina kibendera na kitobozi chenye tundu la namna yake, anatoboa kadi ili ijulikane alifika. Zikiwa za kupokezana, kila mmoja ana kipande chake, mwenzake anamngoja uwanjani, na haondoki mpaka aguswe mkono. Mchezo huu ulikulia Skandinavia. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norway mwaka 1897, na shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wetu. Huku kwetu wengi walioshika dira waliishika skauti au jeshini.

Mimi niliishika Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, nilipokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Usiku mmoja tuligawanywa vikosi, kila kikosi dira moja na karatasi yenye nyuzi za kufuata na hatua za kuhesabu. Tulitokea mijini na visiwani, wengine wana miguu ya kulima, wengine hawajawahi kutembea saa mbili mfululizo. Afande alitamka jambo moja tu kuhusu ushindi: saa ya kikosi itasimama mtu wa mwisho akifika. Basi. Hakusema tusaidiane wala hakuhubiri umoja. Lakini kabla hatujamaliza nusu ya safari, mabegi ya waliochoka yalikuwa mabegani mwa wenye nguvu, na yule tuliyemwona dhaifu kuliko wote ndiye alikuwa anahesabu hatua, maana hakuwa na haraka ya kukosea hesabu. Kikosi jirani kilikuwa na wakimbiaji wazuri kuliko sisi. Waliwahi kufika, wakakaa chini kumngoja mwenzao aliyeachwa gizani.

Nilitoka na fikra hii: anayetunga namna ya kupima ndiye anayeamua nani atakuwa mzigo na nani atakuwa mtaji. Ukipima wa kwanza, dhaifu ni kikwazo. Ukipima wa mwisho, dhaifu ndiye mnayemchunga njia nzima. Waandaaji wengi wa michezo huku kwetu hutumia wiki nzima kutafuta vikombe na dakika tano kutunga kanuni.

Nilipoanza kufundisha Mafia, michezo ya shule ilikuwa ile inayojulikana, ya kuchuja. Shule inachagua wake, kata inachagua, wilaya inachagua, mpaka wachache wanapanda chombo kuvuka kwenda bara. Sina ugomvi na UMITASHUMTA, mashindano hayo ya shule za msingi. Imeibua vipaji ambavyo vingefia mashambani. Lakini mchujo una upande wa pili: darasa la watoto arobaini linatoa wakimbiaji wanne, na waliobaki kazi yao ni kushika viatu. Nilitaka siku moja katika mwaka ambapo hakuna mshika viatu. Mbio za ramani zilinijia akilini kwa kuwa zinahitaji kichwa na miguu pia, nikadhani kichwa kingesawazisha mambo.

Ramani niliichora mwenyewe kwa hatua na dira, sentimita moja kwa mita 50. Mashamba ya minazi ni taabu kwa mchora ramani. Kisiwa ni tambarare, mchanga ni uleule, minazi imesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, na mnazi wa mia haujulikani na wa kwanza. Ramani za Ulaya hujaa mistari ya miinuko. Yangu ingekuwa karatasi nyeupe. Ikanibidi nishike vitu ambavyo watu wa Kiegeani wenyewe huvitumia kuelekezana: kisima, mwembe mkubwa, kichuguu, kona ya ua wa makuti, mikorosho mitatu iliyogusana, tanuri la zamani la kuchomea chokaa. Kila nilichokichora kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaka kujua kwa nini namchorea shamba lake. Nilinywa chai nyingi mwezi ule.

Siku ya mbio, vijana waliotegemewa walitoka kama mishale na kupotelea minazini. Mvulana mmoja, mwepesi kuliko wote shuleni, alirudi akitokea upande wa barabara ya Utende, mbali kabisa na kituo chochote. Aliyetangulia kumaliza kipande cha kwanza alikuwa msichana mdogo ambaye kila jioni aliwafungua ng'ombe wa babu yake na kuwarudisha. Ramani aliitazama mara moja uwanjani, akaikunja. Alijua tanuri liko wapi tangu ameanza kutembea. Kwenye kipande cha wazee ilikuwa vilevile: mkwezi wa minazi aliyekwisha kuwa na mvi aliondoka akitembea, akarudi akitembea, na akawaacha nyuma watu wa nusu ya umri wake.

Watu walishangilia, wakasema wanyonge wameshinda. Timu ya waalikwa kutoka Kilindoni haikushangilia. Walisema, tena kwa adabu, kwamba wao peke yao ndio walioshindana kwa ramani. Wenyeji walishindana kwa kumbukumbu. Walikuwa na hoja. Tena hawakuliona lote. Mwenyeji alipopita karibu na nyumba, watoto walimpigia kelele, "Kipo kwenye mwembe wa bibi!" Mgeni alipopita, watoto haohao walimtazama tu, kwa kuwa hawakumjua jina.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiri kwamba haki ni suala la umri. Katika mchezo huu mtu hutangulia kwa mambo matatu: miguu, kusoma ramani, na kuijua ardhi. Kijana ana la kwanza, mwanafunzi aliyefundishwa ana la pili, mzee ana la tatu. Mwandaaji anayesawazisha moja na kuyasahau mawili hajasawazisha kitu. Mwaka uliofuata vibendera viliwekwa alfajiri, mahali pasipo na jina, katikati ya mistari ya minazi ambako hata mkwezi hana sababu ya kupakumbuka. Timu zikapangwa kwa kura, kila timu ikiwa na watu wa vitongoji mbalimbali na angalau mgeni mmoja. Mwenyeji na mgeni wakiwa timu moja, ujuzi wa shamba unakuwa mali ya wote.

Kuhusu watoto wa kupiga kelele, kamati ilitaka kuwafukuza. Nani amfukuze mtoto uani kwao? Tuliruhusu kila mkimbiaji aulize njia, mradi aulize kiungwana. Kwa mtu wa Mafia hilo ni sharti zito. Huwezi kumkuta mzee barazani ukamuuliza kibendera kiko wapi kabla ya shikamoo, na ukishaamkia utaulizwa wewe ni wa nani, na mama hajambo? Wakimbiaji wakagundua haraka kwamba kusoma ramani ni kwepesi kuliko kuuliza.

Miaka hiyo alifikia Utende mgeni kutoka Finland, aliyekuja kwa ajili ya kuzamia katika hifadhi ya bahari. Alisikia habari zetu akaja kutazama. Yeye ndiye aliyenisimulia mbio za Jukola, zilizoanza mwaka 1949: timu za watu saba, wanaondoka usiku wa mwezi Juni na kupokezana mpaka mchana, maelfu kwa maelfu, mabingwa wa dunia na watu wa ofisini katika msitu mmoja. Akanisimulia pia mbio za Sweden ambazo timu moja ina watu 25, na baadhi ya vipande vimetengwa kwa watoto, wanawake na watu wa umri mkubwa. Hili la pili liliniingia. Waswidi hawampi mtoto dakika za bure. Wanampa kipande chake, ambapo anashindana na watoto wenzake wa timu nyingine, na muda wake unaingia katika hesabu ya timu kama wa mtu mwingine yeyote.

Alitufundisha pia kugawanya njia. Watu wakitumwa wote kituo kilekile, wa nyuma hufuata mgongo wa wa mbele, na ramani inabaki pambo. Kwa hiyo kituo cha tatu hufanywa viwili, cha mashariki na cha magharibi. Mkimbiaji mmoja wa timu anapelekwa cha mashariki, mwenzake cha magharibi, na mwisho wa siku kila timu imepita kote, jumla ni sawa. Kwa timu ya watu wa nguvu moja hesabu hii haina kasoro. Kwa timu zetu ilikuwa nayo. Ikiwa timu moja bibi ameangukia njia ndefu na kijana njia fupi, na timu nyingine ni kinyume chake, jumla ya mita ni ileile lakini dakika ni mbali kabisa. Nilimwonyesha kwa vijiti mchangani, akacheka, akakubali. Tukafanya mgawanyiko wa njia ndani ya kundi moja tu: mtoto abadilishane na mtoto, mzee na mzee. Yeyote atakayepanga mbio za namna hii alikumbuke hili kabla ya kuchapa ramani, kwa sababu siku yenyewe halirekebishiki.

Sasa nije kwenye dakika za bure, ambazo ndizo vijana wanazitaka. Tulizijaribu. Mwaka mmoja kamati iliamua, kwa kura, kwamba waliozidi miaka hamsini wapunguziwe dakika kadhaa, na waliozidi sitini wapunguziwe zaidi. Jambo la kwanza, watu wakazeeka ghafla. Wengi wa wazee wale hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kila mmoja akaleta mjomba wa kumshuhudia kwamba alikuwa mtu mzima vita vya Hitler vilipokwisha. Jambo la pili, mzee mmoja wa pwani, aliyepiga mbizi na kuvuta nyavu maisha yake yote, alikuwa na kifua na mapaja ambayo vijana wa mjini hawana. Alichukua dakika zake na kuwaacha watu vinywa wazi. Aliyepangiwa kushindana naye alikuwa mama wa miaka arobaini aliyetoka kuugua miezi mingi. Kwa hesabu ya kamati, mama huyo alikuwa mzima na kijana, hakupata hata sekunde.

Wenye uzoefu na fidia ya namna hii hawatazami umri. Huko Australia, katika mji wa Stawell, kuna mbio za mita 120 zilizoanza mwaka 1878 ambapo kila mkimbiaji huanzia umbali wake, mwenye kasi akiwa nyuma ya wote, na umbali huo hupangwa kwa kutazama alivyokimbia huko nyuma. Hata huko wapo wanaojikokota makusudi katika mbio ndogo ili wapewe nafasi nzuri siku kubwa, na wasimamizi hulazimika kuwaadhibu. Fidia inataka kumbukumbu za miaka, wasimamizi wasio na ndugu uwanjani, na washindani wengi. Kiegeani hatuna hata moja kati ya hayo. Ndugu ndio tulio nao wengi.

Lakini si hayo yaliyonifanya nizikatae. Kilichonifanya nizikatae ni kijana mmoja aliyetembelea magongo.

Alikuwa na akili ya ramani kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Kwenye mchanga wa mashambani, magongo yanazama, na hakuna dakika za kumpa zikatosha. Kamati ilipendekeza aanzishe mbio kwa kupuliza filimbi. Alikubali, kama anavyokubali mtu aliyezoea. Mgeni wetu alikuwa ametaja aina nyingine ya mchezo huu, ambayo ina mashindano yake ya dunia tangu mwaka 2004: mshindani anasimama mahali pamoja, anaona vibendera kadhaa kwa mbali, na anatakiwa aseme kipi kati ya hivyo ndicho kilichochorwa kwenye ramani yake. Mwendo hauhesabiwi. Jicho na akili ndivyo vinavyoshindana, na mwenye kiti cha magurudumu hushindana na mwenye miguu miwili bila kuhurumiana. Tuliweka kituo hicho kando ya barabara, penye ardhi ngumu isiyozamisha magongo, vibendera vikiwa vimetawanywa shambani mbele yake. Kila timu ilimleta mtu wake hapo, awe na magongo au asiwe nayo. Jibu lisilo sahihi liliongeza dakika kwenye muda wa timu.

Mwaka wa kwanza wa kituo hicho alipatia yote, akapigiwa makofi. Mwaka wa pili alikosea. Vibendera viwili vilikuwa karibu karibu, akachagua cha kushoto, na timu yake iliyokuwa ikiongoza ikamaliza ya pili. Wenzake walimjia juu. Walimwambia maneno ambayo mwalimu hawezi kuyaandika, na mimi nilikuwa naelekea kuwakemea. Aliniwahi yeye. "Mwalimu, waache," aliniambia. "Hii ni mara ya kwanza watu kunikasirikia kwa sababu ya mechi."

Tangu siku ile nina kipimo kimoja cha haki katika mbio za watu wasiolingana. Simuulizi mtu kama alifurahi kushiriki. Wote husema ndiyo. Nauliza: je, angeweza kuiangusha timu yake? Kama hapana, basi hakuwemo. Aliyepewa dakika nyingi hata asikimbie timu bado ishinde, hakuwemo. Mpuliza filimbi hakuwemo. Bibi anayezungushwa uwanja mara moja watu wakipiga vigelegele, hakuwemo, hata kama picha yake ndiyo itakayobandikwa kwenye ofisi ya kijiji.

Mwaka 2021, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, niliona kwenye televisheni jambo hilo likifanywa kwa ukubwa wake. Ni mbio za mita 100 mara nne, kila timu na wanaume wawili na wanawake wawili. Wa kwanza ni mwenye ulemavu wa macho, wa pili mwenye ulemavu wa kiungo, wa tatu mwenye tatizo la mwili kutotii, wa mwisho yumo kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna kijiti, wanaguswa tu. Kila mmoja anashindana na mtu wa hali yake katika mistari ya pembeni, na mguso ukifanyika nje ya eneo lake timu nzima inatolewa. Hakuna dakika ya bure hata moja.

Yapo mambo madogo ambayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Akina mama wetu hawakukataa kushindana. Walikataa kukimbia wakiwa wamevaa kisichowapa heshima mbele ya wakwe zao, na walikataa kutoka saa ambayo maji hayajatekwa na chai haijaiva. Tulipofanya kipande chao cha kutembea tu, anayekimbia anarudishwa mwanzo, walijaa, na ushindani wao ulikuwa mkali kuliko wa vijana. Aliyekuwa na mtoto mchanga aliingia na mdogo wake, ramani moja kwa wawili. Ramadhani hatukuigusa, wala Ijumaa.

Halafu kuna jua. Anayeondoka saa moja asubuhi na anayeondoka saa tano hawako kwenye mashindano mamoja, na kwa ubaya wake anayechelewa kuondoka ni wa timu iliyokwisha lemewa. Dawa tuliichukua Jukola: ifikapo saa iliyopangwa, wote ambao hawajapokea wanaondoka kwa pamoja, na muda wa timu unajumlishwa baadaye. Tuliweka saa tatu na nusu. Wazee hatukuwaweka kipande cha mwisho hata siku moja, ingawa kila mwaka kuna mtu hupendekeza wao ndio wamalizie ili watu wawashangilie. Ashangiliwe asubuhi, kuna kivuli.

Kwa hiyo vijana wangu, dakika za bure ziacheni. Anzeni na watu mlio nao kabla ya njia: andikeni nani yupo, anaweza nini, kisha mtafute kipande kinachomfaa, na kila timu iwe na mtu wa kila kipande. Mkishaichora njia, msiichape bado. Mpitisheni mtoto wa darasa la tatu, mzee mmoja na mtu wa magongo, kila mmoja kwenye kipande chake, mwone kinamchukua muda gani. Kipande ambacho kinaamua mshindi kabla wengine hawajaanza, kipunguzeni. Kanuni zisomwe hadharani wiki moja kabla, walioko barazani wazisikie, kwa sababu watakaozisimamia kweli ni hao. Ramani yangu ya zamani ninayo, ila nyumba zimeongezeka, barabara imekuwa ya lami na baadhi ya miembe imekatwa, kwa hiyo haifai tena. Nahitaji watu wawili wa kupima upya nami, tena waanze kabla ya saa moja asubuhi.